Kutembelea Mpaka: Miaka Yangu Karibu na Kijiji cha Laxton

Mara ya kwanza nililisikia jina la Laxton usiku, katika nyumba ya kutunzia wazee mjini Newark, mkoani Nottinghamshire, Uingereza, nilipokuwa nikimbadilishia shuka mzee mmoja aliyekuwa mkulima maisha yake yote. Ilikuwa mwishoni mwa Novemba, na kutwa nzima alikuwa amekataa kula. Nilipomuuliza kinachomsumbua alinijibu kwamba siku ile wenzake wa kijijini walikuwa wamekwenda kukagua shamba la ngano, na kwamba kwa miaka mingi yeye naye alikuwa mmoja wa wakaguzi. Nikamuuliza shamba hilo ni la nani. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto, akasema, "Ni letu sote."

Nilidhani ni uzee unaosema. Nilikuwa nimeshaishi Uingereza miaka mitatu, na mashamba niliyoyaona kupitia dirisha la basi yalikuwa yamezungushiwa ua wa michongoma kila upande, kila moja na lango lake. Sikuwahi kufikiri kwamba katika nchi hiyo kuna mahali ambapo mkulima analima ukanda wake bila ua wala waya, huku jirani akilima ukanda unaofuata. Asubuhi yake nilimuuliza muuguzi mmoja mzaliwa wa mkoa huo, naye akathibitisha: Laxton iko kama kilomita 16 kutoka Newark, na kilimo cha namna hiyo, ambacho zamani kilienea sehemu kubwa ya Uingereza ya kati, kimebaki pale kikiwa bado kinasimamiwa na baraza la wakulima wenyewe.

Mimi nimezaliwa Kilimanjaro, katika kihamba, yaani shamba la ukoo, chenye migomba, kahawa na mfongo, yaani mfereji wa maji, unaopita nyuma ya nyumba. Mwaka ule niliosikia habari za Laxton, familia yetu ilikuwa katika kesi ya mpaka iliyokwisha kutimiza miaka saba. Kaka yangu na jirani yetu wa upande wa chini walikuwa wakigombania eneo ambalo ukilipima kwa miguu halizidi hatua mbili kwa upana. Kesi ilikuwa imetoka barazani ikaenda mbele zaidi, na sehemu ya mshahara wangu wa kila mwezi ilikuwa ikienda kwenye nauli, nakala za hati na posho za mashahidi. Kwa hiyo nilipomsikiliza yule mzee akieleza jinsi wakulima wa kijiji chake wanavyomaliza ugomvi wa mpaka kwa siku moja, sikusikiliza kama mtalii. Nilikuwa nataka kujua wanafanyaje.

Nilikwenda Laxton mara ya kwanza mwezi wa Mei, siku yangu ya mapumziko, kwa gari la mwenzangu wa kazini. Jambo la kwanza lililonishangaza ni mpangilio wa nyumba. Katika vijiji vingine vya eneo hilo, nyumba kubwa za wakulima zimetawanyika mbali, kila moja katikati ya mashamba yake. Laxton si hivyo. Nyumba za wakulima ziko kijijini, zimepangana kando ya barabara, nyingi zikiwa za matofali mekundu na paa za vigae vya rangi ya machungwa, na baadhi yake zimegeuzia ubavu barabarani, ua na ghala vikiwa nyuma au pembeni. Trekta lenye matope linatoka uani, linapita mbele ya kanisa na kuelekea mashambani. Nilisimama muda mrefu nikitazama, kwa sababu sikuielewa sababu yake hadi mzee aliponieleza baadaye: mahali pengine ardhi ilipogawanywa na kufungwa kwa ua, kila mkulima alihamia kwenye kipande chake kipya, na kijiji kikabaki cha mafundi, vibarua na wenye maduka. Laxton haikugawanywa, kwa hiyo mkulima hakuwa na sababu ya kuhama, kwani mikanda yake ilikuwa imetapakaa pande zote, na kukaa katikati ndiko kulikomfaa.

Mashamba ya wazi ni matatu, nayo yanaitwa West Field, South Field na Mill Field. Ukisimama ukingoni mwa Mill Field unaona eneo pana linaloteremka na kupanda, lisilo na ua wowote ndani yake, lililogawanywa kwa mistari inayotofautiana rangi kidogo tu kwa sababu huyu alipanda wiki moja kabla ya yule. Mwaka mmoja shamba zima hupandwa ngano ya majira ya baridi. Mwaka unaofuata hupandwa mazao ya majira ya kuchipua, kama vile shayiri. Mwaka wa tatu shamba hupumzishwa, ingawa siku hizi inaruhusiwa kupanda humo majani ya kulisha mifugo. Hakuna mkulima anayeweza kuamua peke yake kwamba mwaka huu ukanda wake hautapumzika, kwa kuwa zamani, baada ya mavuno na katika mwaka wa mapumziko, mifugo ya kijiji kizima iliingia shambani kulisha, na asiyefuata zamu angeliwa mazao yake.

Kati ya mikanda kuna sehemu za majani ambazo hazilimwi kamwe, aidha kwa sababu ni mabonde yenye maji au kwa sababu mteremko ni mkali mno kwa jembe. Wenyeji wanaziita sykes. Kila kiangazi majani yake huuzwa kwa mnada, mkulima aliyenunua akayakata na kuyakausha. Kwa kuwa ardhi ile haijaguswa na jembe kwa karne nyingi, imejaa maua ya porini ambayo mahali pengine yametoweka, na serikali imeitambua kuwa eneo la hifadhi. Nilipiga magoti pale nikayatazama maua yale kwa karibu. Nilihesabu aina tisa katika nafasi isiyozidi upana wa kanga, na majina yake siyajui hadi leo.

Novemba iliyofuata, familia ya yule mzee ilinichukua niende kuona ukaguzi wenyewe. Yeye hakuweza tena kutoka kitandani, na nadhani walinichukua niwe macho yake. Asubuhi ilikuwa na ukungu na baridi inayoingia kwenye mifupa. Jopo la wakaguzi lina wajumbe kumi na wawili na kiongozi wao, wote wakulima, nao hukutana kwanza kwenye baa ya kijiji iitwayo Dovecote, kisha hupanda tela linalovutwa na trekta. Mwaka ule zamu ilikuwa ya shamba lililopandwa ngano, kama ilivyo kila mwaka, na kwa kuwa ngano huzunguka mashamba yote matatu, kila shamba hukaguliwa mara moja katika miaka mitatu. Ngano ilikuwa imekwisha kuota, kijani chembamba kisichofika hata kiganja.

Kazi yao ni ya kimyakimya kuliko nilivyotarajia. Wanatembea mwisho wa kila ukanda, pale unapokutana na njia au na majani ya sykes, na kutafuta kigingi cha mbao kinachoonyesha mpaka. Kigingi kikiwa kimeoza au kimeng'olewa na jembe, wanachongoa kingine. Nilimwona mjumbe mmoja amesimama juu ya alama ya zamani, akafumba jicho moja, akanyoosha mkono mbele yake na kumwelekeza mwenzake aliyekuwa mbali: kushoto kidogo, tena kidogo, hapo. Yule mwenzake akagongomea kigingi kipya kwa nyundo. Kilipokwisha kuzama, sisi sote tuliona, bila mtu yeyote kusema neno, kwamba safu moja ya ngano ilikuwa imeota nje ya mstari, juu ya ardhi ya majani. Ilikuwa ni upana wa mfuo mmoja wa jembe, si zaidi. Kiongozi aliandika katika daftari. Mwenye ukanda ule alikuwa amesimama pale pale, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mjumbe wa jopo. Alitazama mstari, akaitikia kwa kichwa, wakaendelea na ukanda uliofuata.

Sitasahau kule kuitikia kwa kichwa. Kwetu mfuo kama ule ulikuwa umekula zaidi ya miaka saba.

Wiki moja baadaye baraza lenyewe hukaa, na jina lake rasmi ni Court Leet. Humo taarifa ya jopo husomwa, waliovuka mipaka hutozwa faini ya paundi chache, na jopo la shamba la mwaka unaofuata huteuliwa. Si igizo la kuwafurahisha wageni. Mwaka 1977 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kuziondolea mamlaka ya kisheria mahakama za kale za aina hiyo nchi nzima, lakini sheria hiyo hiyo ikaibakiza ya Laxton. Faini yake, hata ikiwa ndogo, ni faini ya kweli.

Niliporudi kazini nilimweleza mzee kila nilichokiona, kigingi kwa kigingi. Alitaka kujua hasa nani alishika nyundo. Kisha akanieleza jambo ambalo nimelitafakari mara nyingi tangu hapo: kwamba wazee wake hawakuwa watu wema kuliko wa vijiji vingine. Waliiba mifuo kama watu wote. Tofauti ni kwamba aliyeiba alijua kuwa ndani ya miaka mitatu wenzake watapita pale kwa miguu, na kwamba mwaka mwingine ni yeye atakayepita kwenye ukanda wa mwenzake. Mpaka usiotembelewa, alisema, hukua kila mwaka upande wa mwenye nguvu.

Baada ya hapo nilianza kusoma historia ya kijiji, kwa sababu nilitaka kujua kwa nini hapa na si kwingine. Laxton imetajwa katika daftari kubwa la ardhi la mwaka 1086, lililoagizwa na mfalme William, na upande wa kaskazini wa kijiji bado upo mwinuko mkubwa wa ngome ya udongo, ambao leo umefunikwa na nyasi. Mabwana wa ngome ile walikuwa walinzi wa msitu wa mfalme wa Sherwood. Kanisani, ambalo ni la Malaika Mikaeli, wamelala kwa sanamu watu wa ukoo wa Everingham waliourithi ulinzi huo, na miongoni mwa sanamu za mawe ipo moja ya mwanamke iliyochongwa kwa mbao. Niliigusa kwa ncha ya kidole, nikaona nyufa za mti zikipita usoni mwake.

Hazina kubwa zaidi, hata hivyo, haiko kijijini. Ni ramani iliyochorwa mwaka 1635 na mpimaji aitwaye Mark Pierce, ambayo sasa imehifadhiwa katika maktaba ya Bodleian mjini Oxford. Imeonyesha kila ukanda, nayo ina kitabu chake kinachomtaja mwenye kila kipande na ukubwa wake. Mchoraji hakuishia kwenye mistari, bali alichora pia watu wakilima, wakivuna na wakiwinda. Nilipoiona nakala yake nilifurahi sana, hadi nilipotafuta habari za tajiri aliyeiagiza. Sir William Courten alikuwa mfanyabiashara wa London aliyegharimia walowezi wa kwanza wa Kiingereza waliofika Barbados mwaka 1627, na katika safari hiyo hiyo ya kwanza kulikuwa na Waafrika waliotekwa baharini kutoka meli nyingine na kupelekwa huko wakiwa watumwa. Mtu mmoja, fedha moja: upande huu wa bahari akapima ukanda wa kila mkulima hadi sehemu ndogo kabisa ya ekari, upande ule watu wakapelekwa wasiohesabiwa kuwa na chochote, hata miili yao wenyewe. Siwezi kuitazama ramani ile tena bila kulikumbuka hilo, na naona ni haki anayeisifu akumbushwe.

Ama sababu ya Laxton kupona, si ya kishujaa. Kati ya mwaka 1604 na 1914 Bunge lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kugawa na kufunga mashamba ya wazi na malisho ya pamoja, zikagusa ekari zipatazo milioni 6.8, yaani zaidi ya moja ya tano ya England nzima. Wenye ardhi kubwa walipata mashamba yaliyounganishwa na kodi iliyopanda. Maskini aliyekuwa na ng'ombe mmoja na haki ya kumlisha katika ardhi ya wote alipata kipande kidogo kisichotosha, au hakupata kitu, akaenda mjini kutafuta kibarua. Laxton nayo ingepitiwa na wimbi hilo, na sehemu yake ilipitiwa. Kilichoyazuia mashamba matatu kufungwa yote ni kwamba mabwana wakubwa wa ardhi hapo walikuwa wawili, Earl Manvers na Earl wa Scarbrough, na hawakupatana juu ya mgawanyo. Wakati walipokuwa wakivutana, kijiji kiliendelea kupanda ngano.

Mwanzoni mwa karne ya ishirini mikanda midogo iliunganishwa ili iwe mikubwa zaidi na michache, na bila hatua hiyo nadhani trekta lingeumaliza mfumo wote. Mwaka 1952 Earl Manvers aliiuza ardhi kwa Wizara ya Kilimo ili mfumo uhifadhiwe, mwaka 1981 ikahamia kwenye milki ya Taji, yaani ya ufalme wa Uingereza, na mwaka 2020 ikanunuliwa na milki ya Thoresby, ambayo ni ya ukoo ule ule ulioiuza mwaka 1952. Kwa hiyo yale maneno ya mzee, "ni letu sote," kisheria si sahihi. Wakulima wengi pale ni wapangaji. Wanachomiliki pamoja ni utaratibu: zamu ya mazao, njia, mipaka na haki ya kuitana mbele ya baraza. Nimefika mahali pa kuamini kwamba alilijua hilo vizuri kuliko mimi, na kwamba alichokuwa akikililia usiku ule hakikuwa udongo.

Nilipokuwa mdogo, kabla ya masika, babu alikuwa akiondoka alfajiri na jembe begani kwenda kusafisha mfongo pamoja na watu wote waliotumia maji yake. Asiyefika alitozwa, na mara nyingi alitozwa mbege, pombe ya ndizi, iliyonywewa na waliofika. Safari ile ya mfongo ilipita kando ya vihamba vyote, na wakiwa wanapita walitazama masale, mimea inayopandwa mpakani, wakasema hapa pamesogea, wakayarudisha. Nilikuwa nimeisahau kabisa safari hiyo. Mfongo wa upande wetu ulikuja kukauka, watu wakaacha kukutana alfajiri, na sikumbuki mtu yeyote akisema kwamba pamoja na maji tulikuwa tumepoteza siku yetu ya ukaguzi. Kesi yetu ilianza miaka michache baada ya hapo.

Yule mzee alifariki mwezi Februari. Mwezi Julai nilichukua likizo, nikaenda nyumbani. Nilimwomba kaka asilete hati, wala asimwite mtu wa nje. Nilikwenda mwenyewe kwa jirani, nikamsalimu shikamoo kwa kuwa ni rika la baba, nikakaa kwenye kigoda alichonipa, nikamwambia kwamba ninaomba tutembee mpaka wote, tukianzia juu ambako hatugombani. Alinyamaza kwa muda. "Mwanangu," akasema, "wewe ni binti, kihamba hiki si chako hata kikipatikana. Unataka nini?" Nikamjibu kwamba ndiyo sababu ninaweza kushika nyundo. Hakucheka, ila aliinuka akachukua panga lake.

Tulikuwa watu watano: yeye na mwanawe, kaka yangu, mama na mimi. Tulianza kwenye mti wa mruka juu kabisa na kuteremka isale kwa isale. Sehemu kubwa ya mpaka haikuwa na utata wowote, jambo ambalo hati za miaka minane hazikuwa zimelitaja hata mara moja. Palipokuwa na pengo tulipanda isale jipya, huyu akichimba na yule akishika mche wima. Karibu na kahawa za chini tulifika kwenye zile hatua mbili. Mama alionyesha kisiki kilichokuwa kimefunikwa na majani ya migomba, jirani akaonyesha jiwe. Kati ya kisiki na jiwe kulikuwa na nafasi ndogo kuliko tuliyokuwa tukiishtakiana. Kaka alitaka kusema, akanitazama, akanyamaza. Tuliacha pengo pale pale bila kupanda kitu.

Niliporudi Newark nilimtumia kaka fedha ya kawaida ya mwezi, akanirudishia sehemu iliyokuwa ya kesi, akasema wameomba shauri lisimame kwa muda. Pengo la chini halijapandwa. Wamekubaliana kutembea tena baada ya masika, wao wenyewe, na jirani amesema safari hii atakuja na ndugu yake mkubwa anayekumbuka jiwe lilipowekwa.